Besi ya kujichongea inaangusha kichwa: vifungo vya mkanda niviweke wapi?

Besi_ya_Mninga (mwanzisha uzi), Morogoro

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni kwa wapiga besi, mafundi seremala, na yeyote anayekumbuka fizikia ya sekondari.

Nimejichongea gitaa la besi, la nyuzi 4. Imenichukua miezi mitano ya jioni jioni na Jumamosi. Urefu wa uzi kutoka kimfupa cha kichwani (pale nyuzi zinapoingia shingoni) hadi darajani (zinapoishia kwenye bodi) ni inchi 34, kipimo kile kile cha besi nyingi za dukani. Bodi ni mninga, mabaki ya fundi wa vitanda hapa mtaani. Shingo ni mkongo, kwa sababu kila niliyemuuliza alisema mkongo haupindi. Ubao wa freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ni mpingo. Mashine za kukazia nyuzi nimezing'oa kwenye besi iliyokufa, zile kubwa za chuma zenye masikio kama ya tembo.

Bodi niliichora ndogo kwa makusudi, sipendi gitaa linalonifunika tumbo. Pembe ya juu ni fupi, ncha yake iko usawa wa freti ya 17. Uzito wote kilo 4.4, nimepima kwenye mizani ya duka la nafaka.

Sauti, namshukuru Mungu, iko vizuri. Shida ilijitokeza Jumapili kanisani. Wimbo wa kwanza nikaachia shingo nipige makofi na wanakwaya, kichwa kikashuka mpaka usawa wa goti. Mpiga kinanda alicheka akakosa mstari mzima. Ibada ilivyoisha, kiwiko cha kushoto kilikuwa kinawaka, maana mkono ulikuwa unabeba gitaa badala ya kupiga.

Kifungo cha mbele nimekifunga kwa muda kwenye ncha ya pembe. Cha nyuma ni kitanzi cha kamba tu, sijatoboa. Nimeona picha za gitaa la umeme la Gibson SG kifungo cha mbele kiko nyuma ya bodi, pale kwenye kisigino cha shingo, yaani shingo inapoungana na bodi. Kesho nataka nitoboe hapo. Niendelee?

---

FundiRanda, Iringa

Kijana, drili irudishe kabatini kwanza. Tundu la skrubu kwenye mninga uliokwisha pigwa vanishi halifutiki, linazibwa tu.

Fanya hivi usiku huu. Chukua mpini wa ufagio, ulaze mezani, weka gitaa juu yake likiwa limekamilika: nyuzi, mashine, pikapu (vinasa sauti), kila kitu. Lisogeze mbele na nyuma mpaka litulie lisianguke upande wowote. Mahali pale mpini ulipo, hesabu ni freti ya ngapi. Halafu rudi hapa.

Kosa la wengi ni kupima mizani wakati bodi bado haina vyuma. Gitaa lisilo na mashine na gitaa lenye mashine ni vitu viwili tofauti.

---

Mzee_wa_Kijiwe

Si ununue tu ya dukani mkuu? Miezi mitano ungekuwa umeshaokota hela ya besi mbili.

---

Besi_ya_Mninga

Mzee wa Kijiwe, ningenunua ya dukani ningeanzisha uzi gani sasa?

FundiRanda, shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Imetulia kwenye freti ya 15. Nimerudia mara tatu, ni pale pale.

---

FundiRanda

Marahaba. Basi umeshajijibu. Ncha ya pembe iko freti ya 17, uzito wako umekaa freti ya 15. Maana yake kitovu cha uzito, pale gitaa linapotulia juu ya mpini, kiko NJE ya kifungo, upande wa kichwa. Ni sawa na kubeba ndoo mbili kwenye mpiko halafu bega ukaliweka nje ya ndoo zote. Hakuna mkanda utakaokuokoa hapo.

Mkongo ni mzito kuliko mninga, kijana. Umeweka mbao nzito shingoni na nyepesi bodini, juu yake mpingo ambao ukiutupa majini unazama. Halafu bodi ukaipunguza. Gitaa limefanya kile ulicholiagiza.

---

Mwl_Momenti, Dodoma

Naomba niweke hesabu, wanafunzi wangu wakiona uzi huu waone kuwa momenti (nguvu mara umbali, ile inayozungusha kitu) si ya kufaulia mtihani tu.

Kwa uzi wa inchi 34, freti ya 12 iko katikati kabisa, inchi 17 kutoka kwenye kimfupa, yaani sentimita 43 na kidogo. Freti ya 15 iko sentimita 50. Freti ya 17 iko sentimita 54.

Kitovu cha uzito kiko sentimita 50, kifungo kiko sentimita 54. Tofauti ni sentimita 4. Zidisha kwa kilo 4.4, unapata 17.6. Hiyo ndiyo momenti inayokiangusha kichwa chini, kwa kipimo cha kilo mara sentimita.

Sasa mkono wa kushoto ukiwa freti ya 1 au ya 2, uko kama sentimita 50 kutoka kwenye kifungo. 17.6 gawanya kwa 50 ni 0.35. Kijana wetu alikuwa anabeba gramu 350 kwa kiganja, ibada nzima, huku vidole vya mkono huo huo vikitakiwa kukimbia. Kiwiko lazima kiwake.

Kusudi gitaa litulie lenyewe, kitovu cha uzito kiwe KATI ya vifungo viwili, na kiingie ndani kwa sentimita kadhaa, si kwa unywele.

---

Dansi_Zilipendwa, Dar es Salaam

Nimesimama na besi kwenye bendi za dansi tangu nikiwa na nywele. Tunapanda jukwaani saa 3 usiku, tunashuka saa 8. Mambo ya kichwa kushuka nayajua kwa bega, si kwa hesabu (samahani Mwalimu).

Ile pembe ndefu ya juu kwenye besi za Fender si urembo. Leo Fender alipoitoa besi yake ya Precision mwaka 1951, aliivuta pembe mbele kwa sababu shingo ya besi ni ndefu na mashine zake ni nzito, akahitaji mahali pa kufungia mkanda karibu na freti ya 12. Watu wengi wanaiga umbo, halafu wanafupisha pembe kwa sababu "inaonekana kisasa". Ukifupisha pembe umekata mguu wa meza.

Upande wa pili kuna besi ya Gibson Thunderbird ya 1963. Sauti tamu, kichwa kinashuka mpaka leo, na wanaoipenda wamezoea kuibeba hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana usijione mjinga, hata wenye kiwanda wamepita huko.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema. Kifungo kikiwa nyuma sana, gitaa lote linahamia kushoto kwako. Freti ya 1 inakuwa mbali, unanyoosha mkono kama unafungua dirisha la daladala. Kifungo kikisogea mbele, gitaa linarudi kulia na freti ya 1 inakujia. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uvute kifungo mbele hata kama kichwa hakishuki.

---

ChubwiMbili, Bagamoyo

Suluhisho rahisi: nunua chubwi za wavuvi, za madini ya risasi. Fungua lile tundu la nyaya nyuma ya bodi, zipange humo upande wa mkiani, funika. Kichwa kitapanda chenyewe. Nilifanya kwa gitaa la kaka yangu.

---

Mwl_Momenti

Inawezekana, lakini tuone gharama yake. Mkia wa bodi uko kama sentimita 92 kutoka kwenye kimfupa, yaani 38 kutoka kwenye kifungo cha pembeni. 17.6 gawanya kwa 38 ni 0.46. Unaongeza karibu nusu kilo ya risasi ili tu kichwa kisite kushuka, bado hakijatulia. Na chubwi zikikaa tundu la nyaya badala ya mkiani kabisa, zinahitajika nyingi zaidi, kwa kuwa umbali umepungua. Gitaa la kilo 4.4 litafika kilo 5 kabla hujaridhika.

Geuza hesabu hiyo hiyo upande wa kichwa. Mashine ziko kama sentimita 12 juu ya kimfupa, kwa hiyo ziko 66 kutoka kwenye kifungo. Gramu 200 UKIZITOA pale, umetoa momenti ya 13.2. Kutoa gramu 200 kichwani ni sawa na kuongeza karibu gramu 350 mkiani. Na gitaa linakuwa jepesi.

---

MamaKwaya, Mbeya

Mwalimu asante. Mimi ni mpiga besi wa kwaya, mwili wangu si mkubwa, na nimeshawahi kuuziwa besi yenye vyuma ndani bila kuambiwa. Nilipoifungua kubadilisha nyaya nikakuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Mkesha mmoja tu wa Pasaka na besi ile, mgongo ulinisumbua wiki nzima. Kwa chubwi nasema hapana.

---

ChubwiMbili

Nimekubali yaishe. Kaka yangu ni mbeba mizigo, labda ndiyo maana hakulalamika.

---

Besi_ya_Mninga

Kwa hiyo kwenye kisigino kama SG nisitoboe?

---

FundiRanda

Usitoboe. Kisigino chako kiko freti ya ngapi? Bila shaka 17 au zaidi. Hujasogea mbele hata sentimita moja, halafu umeongeza tatizo la pili. Kifungo kikiwa nyuma ya bodi, mkanda unavuta kutoka nyuma wakati uzito wa gitaa uko mbele yake. Uso wa gitaa unainama mbele, unaangalia sakafu. Watu hawaoni gitaa vizuri, na mkono wa kulia unalirudisha kila dakika.

Kwa gitaa jepesi lenye mashine ndogo inavumilika. Kwa besi yenye shingo ya mkongo, hapana.

---

JuaKali254, Nairobi

Niaje wadau. Nimefuata huu uzi kutoka mwanzo. Kuna njia ya kujaribu bila kutoboa chochote cha maana: toa kifungo nje ya pembe kwa kipande cha flatiba (ubapa mwembamba wa metali).

Enda kwa wale wa madirisha ya aluminiamu, omba kipande cha upana wa milimita 25, unene 4, urefu sentimita 18. Sentimita 8 zinakaa nyuma ya pembe kwa skrubu mbili, 10 zinatokeza mbele, na kifungo kinakaa kwenye ncha. Hapo umefika freti ya 12. Usichukue chuma. Kipande hicho cha aluminiamu ni kama gramu 50, cha chuma ni karibu mara tatu ya hapo na utakuwa umekiweka upande usioutaka. Unene wa milimita 2 nao usikubali, unapinda ukiruka ruka.

Tahadhari moja. Nilipojaribu mara ya kwanza nilibana flatiba kwa klempu ili nisitoboe, nikashangaa kichwa kinashuka vibaya zaidi. Kumbe klempu yenyewe ilikuwa karibu nusu kilo! Nilikuwa napima klempu. Tumia tepu na kamba nyembamba, vitu visivyo na uzito.

---

Nahodha_Mstaafu, Tanga

Nyinyi watu wa bara mnazunguka sana. Foromali ya jahazi ni mti mrefu, umefungwa tanga, na upepo unaupiga. Hakuna baharia anayeifunga henza, kamba ya kupandishia foromali, kwa kubahatisha halafu akaweka mtu wa kushika ncha isianguke. Unatafuta mahali foromali inapokubali, ndipo unafunga. Hilo gitaa lako tayari limeshasema linakubali freti ya 15. Unaligombeza la nini?

---

Dansi_Zilipendwa

Nahodha umemaliza mchezo.

---

Mwl_Momenti

Nahodha shikamoo. Nakubali, ila gitaa lina henza mbili, na bega katikati. Hapo ndipo hesabu yangu ya juu ilipokuwa imerahisishwa. Mkanda haukufungwa begani, unapita tu juu yake kama kamba juu ya kapi. Bega lingekuwa kapi lenye mafuta, mkanda ungeteleza mpaka kitovu cha uzito kikae chini ya bega moja kwa moja, na shingo ingelala kwa pembe yoyote itakayotokea. Kinachozuia ni msuguano wa mkanda na shati.

Ndiyo maana gitaa lile lile linaweza kutulia ukiwa umevaa fulana ya pamba na kuanguka ukiwa umevaa suti ya harusi. Vifungo vikiwa mahali pabaya unategemea msuguano. Vikiwa mahali pazuri unauhitaji kidogo tu.

---

Dansi_Zilipendwa

Hili la suti ni kweli tupu. Mkanda wa nailoni juu ya koti la hariri ni barafu. Mimi natumia mkanda wa ngozi wa sentimita 9, upande wenye manyoya ukiwa chini. Aliniundia fundi viatu kwa ngozi ya mkoba wa zamani. Kwa kichwa kinachoshuka kidogo, mkanda kama huo unamaliza kesi. Kwa kesi ya kijana huyu hautoshi, ila bado aupate.

---

Besi_ya_Mninga

Wakuu, wiki mbili zimepita, naleta ripoti.

Kwanza mashine. Zile masikio ya tembo nimezipima zote nne: gramu 480. Nimepata nyingine nyepesi kwa jamaa anayefunga vyombo vya muziki, zote nne gramu 280. Bei iliniuma, ila nimepunguza gramu 200 zile zile za mfano wa Mwalimu, sijui kama alinitabiria. Mizani ya mpini wa ufagio imehama kutoka freti ya 15 hadi kati ya 16 na 17. Gitaa limekuwa kilo 4.2.

Nikafikiri nimemaliza. Nikavaa, nikaachia. Kichwa kikashuka, safari hii polepole, kama mzee anayekaa kwenye kiti. Bado.

---

Mwl_Momenti

Ilitakiwa iwe hivyo. Kitovu kiko sasa sentimita 53, kifungo 54. Bado uko nje kwa sentimita 1. Umetoka momenti ya 17.6 hadi kama 4.

---

Besi_ya_Mninga

Ndiyo, nikahamia kwenye flatiba. Nimepata kipande kwa watu wa madirisha, wamenikatia bure na kunisawazishia ncha kwa tupa. Nikakifunga kwa tepu ya karatasi na kamba ya mkonge nyuma ya pembe, na kifungo cha mbele nikakitoa kwa hatua: kwanza freti ya 16, halafu 14, halafu 12.

Freti ya 16: shingo inakaa mlalo nikisimama wima, nikiinama kidogo inaondoka.

Freti ya 14: inatulia. Nikiisukuma chini inarudi nusu ya njia.

Freti ya 12: inatulia, na nikiisukuma chini inarudi yenyewe mpaka juu. Nilisimama katikati ya sebule nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili hewani kama mtu anayesalimisha silaha. Mke wangu akaniuliza kama niko salama.

Na Dansi Zilipendwa, lile la dirisha la daladala ni kweli. Freti ya 1 imenikaribia kwa karibu upana wa kiganja. Sikujua nilikuwa najinyoosha kiasi kile.

Swali lililobaki ni kifungo cha nyuma. Nikiweke katikati ya mkia au nipandishe?

---

FundiRanda

Jaribu kwa kamba kabla ya kuamua, ila ujue unachotafuta. Mkanda unavuta juu. Kifungo cha nyuma ukikipandisha juu ya mstari wa katikati, mkia unaning'inia chini zaidi na shingo inapanda. Ukikishusha chini ya katikati, mkia unapanda na shingo inashuka. Faida nyingine ya kupandisha ni kwamba bodi inaning'inia chini ya mkanda, haisimami juu yake, kwa hiyo haitaki kupinduka mbele.

Usipandishe kupita kiasi. Sababu utaigundua mwenyewe.

---

Besi_ya_Mninga

Fundi ulijua kabisa!

Nimejaribu sehemu tatu. Katikati: shingo iko karibu mlalo, sawa tu. Sentimita 3 juu ya katikati: shingo inapanda kidogo, raha mustarehe. Sentimita 6 juu: shingo ilipanda zaidi, nikafurahi, nikaweka skrubu kabisa (mnisamehe, nilichoka na kamba). Mazoezi ya Alhamisi, katikati ya pambio, mkanda ukachomoka nyuma. Nililidaka gitaa kwa goti. Kona moja ya bodi imebonyea kwa kugonga stendi ya kipaza sauti.

---

FundiRanda

Pole. Ndiyo sababu yenyewe. Kifungo kikiwa katikati ya mkia, skrubu inaelekea nyuma na mkanda unavuta juu. Vinakatana kama msalaba, kwa hiyo mkanda unakaa shingoni mwa kifungo. Bodi yako huko juu imepinda. Ukiweka kifungo kwenye mkunjo, skrubu inaelekea juu, na mkanda nao unavuta juu. Vinaelekea njia moja. Umeuachia mkanda mlango wazi.

Rudi sentimita 3.

Tundu lile ulizibe hivi. Chonga kijiti cha mninga huo huo, nyuzi za mbao zielekee upande mmoja na za bodi, kiwe kinene kuliko tundu kwa unywele. Panua tundu kidogo kwa ncha safi ya drili, paka gundi nyeupe ndani, pigilia taratibu, acha mpaka kesho, kata kwa patasi, piga msasa. Njiti za kiberiti zinafaa ukitaka kutoboa hapo hapo tena, hazifai kwa sura.

Tundu jipya: skrubu yako ikiwa milimita 3.5, kwenye mninga toboa milimita 2.5, ukiona inagoma ongeza kidogo. Zungushia tepu kwenye ncha ya drili mahali pa kuishia usije ukatokea upande wa pili. Paka skrubu sabuni ya mche au nta ya mshumaa, kaza kwa mkono, si kwa mashine. Mkiani unaingia kwenye vichwa vya nyuzi za mbao, skrubu haishiki vizuri kama ubavuni, kwa hiyo usitumie fupi. Milimita 35 hivi.

---

MamaKwaya

Na kabla hujavaa tena kata kandambili. Natumia ndala iliyokufa, nakata viduara viwili vya ukubwa wa shilingi mia, natoboa katikati kwa msumari wa moto. Ukishavalisha mkanda kwenye kifungo, unasukumia kiduara juu yake kwa nguvu. Haitoki mpaka utake. Mrija wa ndani wa baiskeli pia unafaa ila unalegea haraka. Zangu zina miaka minne, moja ya bluu, moja ya kijani.

---

JuaKali254

Hii ya ndala naiba. Na flatiba utaiacha ama utaongeza pembe ya mbao?

---

Besi_ya_Mninga

Nimeiacha kwa sasa. Niliipiga msasa laini, nikaipaka rangi nyeusi, ukisimama mita tatu huioni. Mchungaji aliniuliza ni antena ya nini.

Nimeanza kuchora bodi ya pili. Pembe nimeivuta mpaka freti ya 12 na robo tatu ya kidole zaidi, ili kifungo chenyewe kikae pale pale flatiba ilipo. Safari hii shingo itakuwa mkangazi, ni mwepesi kuliko mkongo, nitauwekea fito ya chuma ndani usipinde. Ubao wa freti mpingo ubaki, siwezi kuuacha. Kabla ya kukata mninga nimekata bodi ya majaribio kwa msonobari wa bei rahisi, nitaifungia shingo na mashine nione inavyoning'inia, nikibandika vipande vya bati pale ambapo mninga ungekuwa mzito zaidi.

---

FundiRanda

Sasa unaanza kuwa fundi. Vifungo utatoboa lini?

---

Besi_ya_Mninga

Mwisho kabisa mzee, nyuzi zikiwa zimeshakazwa.

---

Mzee_wa_Kijiwe

Nimesoma uzi wote. Nina gitaa la marehemu kaka yangu limelala juu ya kabati, pembe imevunjika. Hizo flatiba Dodoma zinapatikana wapi?

---

Mwl_Momenti

Nipo Dodoma, mzee. Nitumie ujumbe wa faragha tukutane Jumamosi, nitakuja na mpini wa ufagio.